Madaraja Ambayo Mwanangu Hakuyajenga

Kwa miaka minane niliwaambia watu wa Tabora kwamba mwanangu ni injinia Marekani. Hakuna aliyenituma. Uongo ule niliutunga mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi, kwenye benchi la rafiki yangu wa tangu ujana, fundi cherehani.

Uinjinia ndio uliompeleka kweli, kwa ufadhili wa masomo. Kisha siku moja akanipigia simu, sauti imejaa kicheko.

"Baba, timu imenichukua. Watanilipa nicheze mpira."

"Mpira gani?"

"Huu wa huku, unaorushwa kwa mikono. Tunavaa kofia ngumu, tunagongana."

"Nilikupeleka ukasome au ukapigane?" Nikakata simu.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne. Nilifanya kazi reli mpaka nikastaafu, na cheti cha mtoto wangu ndicho nilichokuwa nakisubiri. Fundi aliponiuliza kijana anaendeleaje, nikajibu, "Injinia. Anajenga madaraja." Fundi akawatangazia wateja wake wote. Mzee mmoja wa Isikizya hakuniacha tena: kila tukikutana anauliza lini injinia wangu atakuja kuwajengea daraja la mto wao.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha mchezo wenyewe kwenye simu yake. Nilimtafuta mwanangu kila mpira ulipokwenda, sikumwona.

"Baba, achana na mpira," akasema. "Tazama namba sitini na nane."

Nikamwona. Ameinama, ngumi chini. Mara anainuka, na majitu yanamjia kama maksai waliokatika kamba. Yanamgonga, hasogei. Nyuma yake kijana mwembamba anarusha mpira kwa raha zake, na uwanja mzima unamshangilia huyo mwembamba.

Nilimpigia mwanangu simu, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. "Mbona mpira wenyewe huugusi?"

"Siyo kazi yangu, baba. Kazi yangu ni asiguswe aliye nyuma yangu."

"Na jina lako nani analitaja?"

"Nikikosea, wote."

Nilimkumbuka babu yangu wa Kwihara. Ujana wake alibeba mizigo ya watu mpaka pwani, na begani alikuwa na sugu ngumu kama kwato. Nikiwa mtoto nilipenda kuibonyeza. Mizigo ilikuwa ya nani, hakutuambia. Alijivunia jambo moja tu, kwamba hakuwahi kutua mzigo kabla ya kambi. Tangu siku ile nilijivunia mwanangu pia, ila kimyakimya. Benchini aliendelea kuwa injinia, maana uongo uliokwisha kuzeeka unaona aibu kufa.

Mwaka jana goti lilimkatalia, akaacha mpira, akarudi kwa ajili ya harusi ya dada yake. Alihitaji suti. Nikampeleka kwa fundi huku nikiomba mambo yapite salama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia! Hebu inama kidogo, sina shingo ya twiga."

Mwanangu alinitazama mara moja tu. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Fundi akapanda kigoda, akatandaza futi yake kutoka bega hadi bega, akasoma, akarudia kusoma.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, na benchi zima likisikia, "haya madaraja alikuwa anayajenga au anayabeba?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa Isikizya akaweka kikombe chini, akanigeukia.

Mwanangu akasogea nusu hatua, akasimama kati yangu na benchi. "Yote mawili, mzee wangu. Asiyebeba atajengaje?"

Wakacheka tena, na yangeweza kuishia hapo. Lakini hatua ile niliijua. Nilikuwa nimeitazama kwenye simu ya binti yangu mara nyingi mno. Goti bovu, kazi imekwisha, na bado anagongwa kwa ajili ya mtu aliyejificha nyuma yake. Safari hii aliyejificha ni mimi.

"Fundi, acha kupima."

"Nimekosea?"

"Mwenye kosa ni mimi. Huyu si injinia, hajajenga daraja hata moja. Ni mchezaji wa mpira wa Marekani, na alilipwa kwa kazi hiyo miaka yote minane. Niliona aibu, nikawadanganya. Na yeye sikuwahi kumwomba radhi." Nikamgeukia. "Nisamehe, mwanangu."

Aliniwekea mkono begani, mzito kama gunia.

Fundi akashuka kigodani. "Miaka minane unakunywa kahawa yangu na kunipa uongo?"

"Minane."

"Na huyu wanamlipa kwa kusukumana?"

"Kwa kutosukumika," nikasema.

Hapo mwanangu alicheka, kicheko kile kile cha kwenye simu. Mzee wa Isikizya akasema daraja basi tena, lakini kama kijana anaweza kusimama mtoni wakapita mgongoni kwake, atashukuru.

Fundi akafungua daftari lake, akafuta vipimo alivyokwisha kuandika, akapanda tena kigoda.

"Rudi hapa, kijana. Nilikuwa nimepima mabega ya injinia."

Safari hii ncha moja ya futi niliishika mimi.