Mama Ndani ya Fulana ya Sabuni

Mume wangu na mama yangu walikuwa hawaonani. Si kwamba waligombana. Kwetu mkwe na mama mkwe huogopana kwa heshima: wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na neno likiwa la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na huyo mtu wa tatu nilikuwa mimi. Kazi hiyo simwombei hata adui.

Mama alitaka nikajifungulie kwake ziwani, kama yeye alivyojifungulia kwa mama yake. Mume wangu, mkulima wa kahawa aliyezaliwa mlimani na kuogopa maji kama mbuzi, alitaka nibaki Mbinga karibu na hospitali. Nikapeleka neno la mama, nikarudisha neno la mume, na kila nilipolifikisha lilikuwa limeshapoa. Mwishowe mama akapanda lori na tenga lake la usipa wakavu, wale dagaa wa kwetu, akaja mwenyewe. Akafikia kwa jirani ili asilale nyumba ya mkwewe, na akasema haondoki bila jibu.

Mchezo aliuleta shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwalimu wa Kiingereza. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na robota la mitumba likikatwa kamba hujui kitatoka nini. Yeye alipata boksi lenye picha ya joka la mabawa. Ndani mlikuwa na kijitabu na dadu za pande nyingi, mbaya mbaya kama viazi vilivyomenywa kwa haraka. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu anajifanya mtu fulani, na dadu ndizo zinazoamua kama umevuka mto au umesombwa.

La ajabu ni kwamba joka lenyewe tulikuwa tunalijua zamani. Lilikuwa kwenye fulana za mitumba, kwenye mabegi ya shule, hata kwenye kikombe cha muuza chai wa stendi. Watu walilivaa wakipalilia kahawa. Shemeji alisema huko Ulaya mchezo huu ulikuwa wa vijana wachache waliojifungia vyumbani, mpaka wenye maduka walipogundua kwamba joka linauza. Kwetu lilianza kuuza, mchezo ukafuata nyuma. Katekista alituuliza kwa upole kama tunaliabudu.

Tulichezea barazani kwa jirani, jioni baada ya shamba. Shemeji aliyatupa majumba ya mawe ya kijitabuni, akaweka milima yetu na ngolo, yale mashimo tunayolimia miteremkoni. Mume wangu, mtu wa maneno ya kuhesabu, akachagua kuwa mlinzi wa njia ya mlimani. Mama alikaa mlangoni, ametupa mgongo, kanga kichwani, akirushia dadu zake kwenye ungo. Angeweza kuwa malkia. Akachagua kuwa muuza usipa.

"Nani anapita?" mlinzi aliuliza, jioni ya kwanza.

"Muuza usipa," mama akajibu bila kugeuka.

Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakijibizana. Nilitaka kulia, nikacheka badala yake, na kumbe hakuna aliyevunja mwiko, maana aliyesema ni mlinzi na aliyejibu ni muuza usipa. Niliona mama amegundua jambo. Lakini neno zito halitupwi siku ya kwanza, na yeye alikuwa anapima.

Ndipo akaja bwana wa sabuni. Kampuni yake ilikuwa inazunguka na gari la matangazo, na alipopita akaona baraza imejaa watu waliovaa joka, wakishangilia dadu. Macho yakamng'aa. Alitaka tucheze siku ya soko, jukwaani, na kila mchezaji apewe fulana ya sabuni na katoni yake. Sharti lilikuwa moja: mlinzi, kabla ya kumruhusu msafiri, aitaje sabuni na kusema inang'arisha. Shemeji alikubali kwa kupenda kipaza sauti. Mama alikubali kwa kupenda sabuni, wala hakuficha.

Siku hiyo walikuja watu hadi wa Mbuji na Namswea. Mama alikaa mgongo kwa mkwewe kama kawaida, fulana yake imekunjwa mapajani. Bwana wa sabuni, mgeni wa watu, akadhani ana haya.

"Mama, geuka watu wakuone!" Akashika kiti na kukigeuza, mtu na kiti chake.

Soko zima liliguna. Mume wangu aliruka akageukia spika. Mama, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akaivuta ile fulana juu ya kichwa chote, jina la sabuni likamkaa usoni. Watu wakaangua kicheko. Bwana wa sabuni ndiye aliyepiga makofi zaidi, akidhani ni sehemu ya mchezo.

Kisha sauti ikatoka ndani ya fulana. "Mlinzi."

Mume wangu akaiambia spika, "Nani anapita?"

"Muuza usipa. Leo sikubeba samaki. Nina binti yangu huko juu kwako, ana mzigo tumboni. Naomba njia ya kumteremsha."

Soko halikujua. Mimi nilijua. Shemeji alishika dadu asizirushe.

"Huko chini kuna mkunga?"

"Yupo. Na zahanati ya misheni ipo, na gari lao."

"Mvua ikikata barabara?"

"Ndiyo maana namchukua kabla ya mvua."

"Sabuni! Taja sabuni!" bwana yule alinong'ona kwa nguvu. Mume wangu hakumsikia, au alimsikia.

"Pita naye," alisema. "Pita naye, mama."

Hilo la mwisho halikuwa la mlinzi. Sabuni ikabidi aitaje shemeji.

Nilijifungua salama ziwani, mtoto wa kike. Barabara ilipokauka, mume wangu akateremka kutuchukua, na gunia la maharage begani. Akasimama nje ya ua wa matete, uso ameupeleka ziwani, maji yale yale anayoyaogopa.

"Nani anapita?" mama akauliza kutoka ndani.

Akakohoa kidogo. "Mlinzi. Naomba njia ya kuwapandisha wawili."

Nikamsikia mume wangu akitua gunia. Mama alikuwa amempakata mjukuu wake, amemfunika na ile fulana, imefuliwa hata jina halisomeki. Akamnusa utosini, akanipa.

"Pita nao," alisema. "Pita nao, baba."