Nusu ya Shamba Ilisubiri Mtungi

Watu huniuliza pombe ya mtama ikae mtungini muda gani. Nami nilimuuliza mama mkwe hivyo hivyo, nikiwa mke mgeni nyumbani kwake, nje kidogo ya Bariadi. Akanijibu niutegee mtungi sikio. Nikanuna. Nimekulia mjini, nilitaka jibu la saa na siku.

Ilikuwa pombe yangu ya kwanza, na jina langu lilikuwa ndani yake. Mvua zilikuwa zimekaza, magugu yalikaribia kuimeza pamba yetu, na mume wangu alikuwa ameshaalika majirani waje kupalilia. Huku kwetu mwenye shamba hushukuru kwa pombe. Ikiwa mbovu, utasemwa mpaka Maswa.

Basi nikaotesha kimea, nikasaga, nikapika uji, nikaumimina mtungini na kuufunika. Kisha ikaja baridi. Kila nilipopita nilitega sikio, na ule ukimya ulinikera kweli kweli. Nikaufunika mtungi kwa blanketi letu la harusi. Wifi yangu akacheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nimeshaunyonyesha.

Siku ya kazi wapaliliaji wakaja na majembe, wakiimba tangu barabarani. Nikachota, nikaonja: tamu, togwa tupu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe aliniachia niseme mwenyewe. Pombe ilikuwa yangu, na maneno pia. Nikapiga magoti mbele ya kiongozi wao, mzee mwenye njuga miguuni, nikamwambia kwamba haijaiva.

Akaonja, akalamba midomo.

"Mayu, hii bado mtoto," akasema, akiniita mama kwa lugha ya huku. "Leo tutalima nusu. Nusu nyingine tutailima ikishakua."

Na kweli wakalima nusu, wakaenda zao wakiimba. Upande mmoja pamba ilipumua, upande wa pili magugu yalitamba, na mpaka ulionekana tangu barabarani. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo kuniuliza mtungi unasemaje, wakaniambia mvumilivu hula mbivu. Niliwajibu kwa ukali, lakini moyoni nilikuwa na furaha. Hakuna aliyenisema vibaya. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri pamoja nami.

Jua likarudi. Asubuhi moja nikiwa nafagia, nikasikia kitu chini ya blanketi, mchemko laini kama mvua inayoanza juu ya bati. Nikatupa ufagio. Nikafunua, nikaonja, ikaniuma ulimi vizuri. Nikamwita mama mkwe kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitoa.

Akaja akifuta mikono kwenye kanga. Nikampa kata aonje. Hakuipokea.

"Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Imeiva, mama."

Akatoa simu kwenye pindo la kanga, akampigia yule mzee, akamwambia waje na majembe.