Barua ya shemasi kwenye kikao cha wazazi

Leo nimeona shemasi akiumbuka, na mimi nikakosa pa kuficha uso.

Tulikuwa kwenye kikao cha wazazi, shuleni kwa watoto hapa mtaani kwetu Glenwood. Papa Gloria, shemasi wetu, kaja na barua ya kuiomba serikali itunge sheria: walimu wasiongee darasani habari za jinsia wala mapenzi.

"Hayo tutawafundisha wenyewe nyumbani," akasema.

Nyumbani, naam. Papa huyuhuyu tangazo la pedi likitokea kwenye TV anakohoa na kubadilisha chaneli.

Tukapiga makofi. Mimi, kwa hekima yangu nyingi, nikasaini wa kwanza.

Eish. Mke wake akasimama polepole.

"Papa Gloria, Gloria wetu alikuwa anapigwa kila siku na wenzake darasani, wanasema anatembea kama mvulana. Wewe ulimfundisha nini nyumbani?"

Akajibu mwenyewe:

"Ulimwambia abadilishe kutembea. Mwalimu ndiye aliongea na darasa lote habari hizo unazokataza, wakaacha kumpiga."

Shemasi akaanza kukunja barua. Nikamwomba anipe kwanza, nifute jina langu. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ninyi mliopiga makofi na mimi, mbona leo hamkomenti?