Sauti Iliyovuka Mlamula

Juzi nilikuwa sokoni Bilele nabishania bei ya senene, wale panzi wa kukaanga, redio ya muuzaji ikatangaza kwamba yule mtangazaji wetu wa zamani anastaafu. Nikaiacha bei, nikaitegea redio sikio. Muuzaji akadhani nimekubali bei, akafunga mzigo. Sijawahi kushindwa kirahisi hivyo, na sikujali, maana akili ilikuwa imeshafika kijijini kwetu Kishanda.

Unaukumbuka ule ukungu wa asubuhi kwenye kibanja, shamba la nyumbani, ndizi na maharage vikichemka, majani makavu ya migomba yakisuguana? Humo ndimo sauti yake ilimoingia. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo, na aliyesikia aliweka jembe chini kwa heshima ya marehemu. Baadaye akapewa kipindi cha mazungumzo, watu wakamletea ugomvi wao. Alikifungua kwa kutafuna kahawa, kra, kra, kisha: “Karibuni kamwani, waitu,” yaani karibuni kahawa, ndugu zetu. Bibi yangu alishikilia kwamba anayeingia ndani na kusalimia ni mgeni, kwa hiyo aliweka juu ya redio punje za kahawa, ambazo kwetu mgeni hupewa atafune. Mgeni hakuwa akizigusa, nilimsaidia mimi.

Jirani yetu hakuwa na redio. Yeye na bibi walisikiliza pamoja miaka mingi, hadi walipogombana juu ya mlamula, ule mmea tunaopanda mpakani. Kila mmoja alidai mwenzake ameusogeza. Urafiki ukafa. Jirani akawa anasikiliza kutoka upande wake, akipalilia mahali pasipobaki hata jani.

“Anamaliza betri zangu bure,” bibi alisema, makusudi asikike.

“Ndizi yako ikiangukia kwangu, ni yangu,” alijibiwa. “Na sauti je?”

Bibi akaigeuza redio itazame ukuta. Kesho yake nikaikuta inatazama mpaka, sauti imeongezwa. 

Asubuhi moja mzee wa Izimbya akaleta redioni shauri la mlamula uliosogezwa, kama letu kabisa. Upande wa pili jembe likanyamaza. Mtangazaji akatafuna, akakohoa: “Sasa, waitu, mwenye haki hapa ni…” Sauti ikadidimia. Betri zimekwisha. Bibi akaipiga redio kofi, akaziuma betri, wapi! Mara majani yakachakarika: jirani huyo, amevuka mpaka na betri za tochi yake.

“Nimeiletea redio, si wewe.”

“Redio imeshukuru. Kaa.”

Mgeni hakai mdomo mtupu. Bibi akachukua kahawa ya mtangazaji, akamgawia. Redio ilipoamka, kwaya ilikuwa inaimba.

“Kasema mwenye haki ni nani?” jirani akauliza.

Wakatazamana, wakacheka hadi bibi akajifuta machozi kwa kanga. Ndizi ziliungua siku hiyo, nao walikuwa bado wanaongea.

Miaka mingi baadaye nikamkuta mtangazaji sokoni Bukoba, mvi kichwa kizima. Nikamuuliza, katika lile shauri la mlamula, mwenye haki alikuwa nani.

“Sijawahi kumtaja mtu,” akasema. “Nikifika hapo natafuna kahawa, naweka kwaya. Ningetaja, nikienda Muleba walioshindwa ningewapitia wapi?”

Kazi ya maisha yake yote, na hukumu hakutoa hata moja!

Bibi na jirani wamelala makaburini sasa, na mlamula umenenepa bila wa kuugombea. Kishanda kila mtu ana simu na waya masikioni. Hakuna anayemaliza betri za mwenzake. Ukimwona jirani yeyote anapalilia karibu na mpaka, basi kweli anapalilia.