Gauni Lisilo na Doa

Watu walimwita Mzee Sindano, na jina lilimkaa vizuri, maana alikuwa mrefu, mwembamba, na maneno yake machache yalichoma. Cherehani alikuwa nayo, imekaa mlangoni pa chumba cha mbele, lakini wateja hawakumfuata kwa ajili ya cherehani. Walifuata mkono wake. Kupachika shanga, kushika lesi, kukunja pindo la hariri hadi uzi usionekane kwa nje, hizo ndizo zilikuwa kazi zake. Mkewe alikaa pembeni yake akitia vifungo na kupiga pasi, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakufaulu kumvalisha kastabini.

"Kidole kikivaa kofia ya chuma kinakuwa kipofu," Mzee Sindano alimwambia. "Kitajuaje sindano inatokea wapi?"

Kwa hiyo alichomwa, tena mara nyingi, na dawa yake aliijua. Tone la damu likigusa kitambaa, fundi hutafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe, kisha husugua nacho palepale kabla halijakauka. Mafundi wanaamini kwamba damu ya mtu hutolewa na mate yake mwenyewe, ya mwingine hayasaidii. Mkewe alishamwona akifanya hivyo hata hakushtuka tena.

Kilichomshtua kilikuwa kingine. Siku moja walipanda ngazi za duka la vitambaa, yeye mbele, mumewe nyuma na jora begani. Alipogeuka alimkuta ameketi kwenye ngazi, jora limelala miguuni, jasho linamtoka.

"Kifua kinabana, mama watoto," akasema. "Kama mtu amenipunguzia shati mbavuni bila kunipima."

Hospitali walisema mshipa mmoja wa moyo umeziba karibu wote. Daktari akawaeleza taratibu, kama anayezungumza na wazazi wake. Angepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka ufike moyoni, avimbishe kiputo kidogo kupanua palipoziba, kisha aache hapo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma cha kuuzuia mshipa usijifunge tena.

"Kwa hiyo mnanitia lastiki," alisema Mzee Sindano.

"Karibu na hivyo, mzee. Ila hii haivutiki."

"Basi pita mkono wa kushoto, mwanangu. Huu wa kulia ndio unalisha nyumba."

Daktari akacheka, na akapita wa kushoto. Hawakumlaza usingizi. Alipotolewa alimsimulia mkewe jinsi alivyouona moyo wake mwenyewe kwenye kioo cha mashine, mishipa imetawanyika kama uzi ulioanguka sakafuni. Mkewe hakusubiri amalize. Alipiga magoti palepale kando ya kitanda akamshukuru Mungu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina.

Siku ya kuondoka, muuguzi aliwapa dawa na akarudia maneno yake mpaka yakawaingia. Vidonge hivi viwili vinazuia damu isigande kwenye chuma. Kila siku, mwaka mzima, asiruke.

"Nikisahau je, binti yangu?"

"Usisahau, baba. Ikiganda humo ndani, moyo haupigi hodi."

"Na nikifa?"

"Hapo una ruhusa kuacha."

Wakacheka wote watatu.

Afya ilirudi. Alipanda ngazi, alibeba jora, na mkewe akawa anamwekea vidonge na kikombe cha maji kila asubuhi kabla ya sala yao. Kisha kitindamimba wao akachumbiwa. Mzee Sindano alikuwa ameshonea harusi mabinti wa watu wengi kuliko alivyoweza kukumbuka, na tangu mtoto huyu alipozaliwa alikuwa akisema kwamba gauni lake hataligusa fundi mwingine. Akanunua hariri nyeupe na lesi nyeupe, akatandika shuka safi juu ya meza, akaanza.

Damu nayo ikaanza. Tundu lililokuwa likitoa tone moja na kufunga, sasa liliendelea kutoa na kutoa. Alitafuna uzi mpaka mdomo ukakauka. Alifunga kidole kwa kitambaa, damu ikapenya.

"Wanasema damu nzito kuliko maji," alimwambia mkewe. "Yangu hawa wa hospitali wameshaigeuza maji."

Kipande kizima cha kifua cha gauni kilitupwa. Akakata kingine, nacho kikapata madoa matatu siku ileile. Mkewe alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kwa utani kama walivyozoea kutaniana.

"Baba watoto, hili ni gauni la bibi harusi au aproni ya mwuza nyama? Mkwe wako atakimbia."

Mzee Sindano alicheka kidogo. Kisha akautazama mkono wake muda mrefu.

Akakata kipande cha tatu, na baada ya hapo kazi ilienda vizuri. Kitambaa kilibaki cheupe. Mkewe aliona na akafurahi, akasema Mungu amewahurumia, vidole vimezoea. Kila asubuhi aliweka vidonge viwili na maji. Kila asubuhi mumewe aliviweka mdomoni, akanywa, akarudisha kikombe.

"Gauni likiisha nitapumzika," alimwambia. "Limebaki shingo na vifungo tu."

Shingo aliimaliza. Asubuhi iliyofuata alikuwa anachagua uzi wa vifungo aliposhika meza kwa mikono miwili, na mkewe aliyekuwa anapiga pasi akamsikia akisema, "Kinabana tena." Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Njia nzima mkewe aliomba kwa sauti, na mumewe akamshika kidole gumba.

Daktari alikuwa yuleyule. Alitoka mara moja tu, haraka, kuuliza.

"Mama, dawa alikuwa anameza?"

"Ninamwekea mimi, daktari. Mbele ya Mungu, kila siku."

Daktari akamtazama, akarudi ndani. Aliporudi tena hakuwa na haraka. Damu ilikuwa imeganda ndani ya stenti, akasema, na moyo ulisimama kabla hajaweza kuufungua mshipa.

Watu wakaja, wakajaza chumba. Kazi ya Mungu haina makosa, walisema, na mkewe, aliyewaambia wafiwa wengine maneno hayohayo maisha yake yote, alishindwa kuitikia.

Walipoondoka, binti alimwambia, "Mama, harusi tusogeze mbele. Lakini gauni nitalivaa. Baba alilishona."

"Nitalimalizia," mama akasema. "Limebaki vifungo."

Akachukua kopo la vifungo vyeupe, akalimwaga kwenye shuka juu ya meza. Vilitoka vya mfupa, vya kioo, vidogo vya lulu bandia. Na kati yao vilitoka vifungo visivyo na matundu. Akakiokota kimoja. Kilikuwa kimelika ukingo, kama pipi iliyotemwa na kukauka. Akaokota kingine. Vilikuwa vidonge vya asubuhi, vingi. Mumewe hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuwa ameviweka, mpaka gauni liishe.

Hakupiga kelele. Binti alikuwa chumba cha pili, na jambo hili hakujua atamwambiaje. Alijaribu kusali, lakini kila alipofumba macho aliona kikombe cha maji mkononi mwake mwenyewe.

Akalivuta gauni, akaligeuza ndani nje. Akafuata mshono baada ya mshono, chini ya lesi, ndani ya pindo, shanga kwa shanga, akitafuta doa. Tone moja tu lingemtosha, la asubuhi moja aliyovimeza. Alilipeleka dirishani, palepale alipokuwa ameinua kile kitambaa akatania, akalitazama lote tena.

Lilikuwa safi.