Tulipanga kumshukuru rocker wetu wa Kayole, mtaa ukaja kumlilia

Niaje wakuu. Hii nitawapa vile ilikuwa, hata pale nilijiaibisha, na najua hapo ndipo mtakwama mkicheka. Chekeni tu.

Niko na cyber ndogo hapa Kayole. Typing, photocopy, picha za passport. Lakini kazi yenyewe hasa ni programu za mazishi. Kama kuna mtu wenu alizikwa kutoka hizi plots za hapa nyuma, karibu ni mimi nilipanga picha zake.

Nyuma ya cyber tunashare ukuta na karakana ya Mash.

Mash ni fundi wa mageti. Anachomelea vyuma mpaka saa tisa mchana, anazima mashine, anatoa gitaa, na bendi yake inaanza mazoezi. Rock, wakuu. Rock ya Kiswahili, na sauti ya huyo mtu walai ilistahili uwanja, si karakana.

Bendi inaitwa Mabati Mazito. Shiro ni kinyozi, anapiga drums. Omosh wa mayai yuko kwa bass. Abdi wa duka la mashuka anapiga gitaa ya pili. Sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, lakini akianza kupiga unaacha unachofanya. Watu husema Mash, Mash. Toa hao watatu uone kama kuna Mash.

Sasa niwaambie kwa nini nawapenda hivi.

Nilipofiwa na ndugu yangu, nilifunga cyber karibu mwezi mzima. Programu yake niliichapa mimi mwenyewe, na baada ya hapo mikono ilikataa kazi. Nilikuwa naingia ndani, nafunga mlango, nalala sakafuni kati ya mashine.

Kila saa tisa ukuta unaanza kutetemeka. Mash anapaza sauti: "Geti limekwama, sukuma na bega!"

Siku moja nikajipata nimesimama, nimeegemea ukuta, naimba nao huku machozi yananitoka kama mtoto. Kesho yake nikafungua kazi.

Na sikuwahi kumwambia. Miaka yote hiyo nampitia hapo nje, "sasa Mash", "poa Kev", basi.

Kuna sisi watu saba ambao Jumapili hukaa kwa karakana kwenye mikebe ya rangi tukiwasikiliza. Mashabiki wote wa Mabati Mazito ni hao. Jumapili moja mwezi uliopita Mash akaweka gitaa chini akatuambia Desemba anavunja bendi.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Hakuna mtu wa huu mtaa ashawahi kuniambia hata asante. Nimechoka kuwa kelele ya majirani."

Shiro akatoka nje. Abdi akaangalia viatu vyake. Mimi nikanyamaza, na nilikuwa na la kusema kuliko wote pale.

Sisi saba tukakubaliana: tupige tent barabarani Jumamosi saa nane mchana, tuite mtaa wote, tuwashukuru hawa watu kabla hawajaachana. Kama ataacha, aache akijua. Poster nikaachiwa mimi.

Sasa skizeni upuzi wangu.

Mkono ukizoea kitu umezoea. Nikachukua picha ya Mash, nikaifanya black and white. Nikaiweka ndani ya duara. Nikaongeza maua meupe pembeni. Juu: "Asante Mash." Chini: "Utabaki mioyoni mwetu daima. Karibuni tuungane pamoja."

Wote saba waliiona. Wote saba wakasema iko fiti! Tukabandika kila mahali, tukaituma kwa magroup yote ya WhatsApp. Wiki hiyo Mash alikuwa mbali akifunga mageti ya mteja, karakana kimya na simu haishikiki.

Jumamosi wa kwanza kufika walikuwa akina mama, leso viunoni, na sufuria, sukari na majani ya chai. Nikafurahi, nikaona mtaa umejitolea. Mmoja akamkumbatia Shiro akimwambia pole sana, na Shiro, akidhani ni mambo ya bendi kuvunjika, akamjibu, "Ni kuzoea tu, mama."

Viti vikajaa. Mzee Karis, chairman wa plots zetu, akafika na suti nyeusi na karatasi imekunjwa mkononi. Hata hapo sijashtuka, wakuu. Niko busy na nyaya za speaker.

Halafu nikasikia nduru.

Mama mzee anakuja ameshikiliwa huku na huku, analia, "Musyoka wangu! Musyoka!" Ni mamake Mash, kutoka mtaa wa Pipeline; Musyoka ndilo jina alilompa. Kuna mtu alimtumia poster yangu.

Mash alikuwa ndio amerudi, yuko ndani anafunga nyuzi za gitaa. Akatoka mbio.

"Mwaitu! Mama yangu, ni mimi!"

Viti vilianguka. Wengine walikimbia, sitawadanganya. Mama akasimama, akamwangalia, akamshika uso kwa mikono miwili. Kisha akamzaba kofi moja safi, ndio akamkumbatia, na hakumwachilia kwa muda mrefu sana.

"Nani alitengeneza hii kitu?" mtu akauliza. Nilikuwa nimeinama nyuma ya speaker. Omosh, rafiki yangu wa dhati, akaninyooshea kidole.

Mama akaniita. "Wewe kijana. Nimetoka Pipeline nikijua naenda kuchagua jeneza."

Nilipiga magoti hapo kwa vumbi. Nikaomba msamaha na nikamaanisha, na bado namaanisha.

Watu wakaanza kuchukua sufuria zao waende. Nikaona nimeharibu kila kitu.

Ndipo Mzee Karis akashika mic. "Mimi nimeandika usiku mzima. Sirudi nyumbani na hii karatasi. Kaeni chini."

Watu wakakaa. Akasoma, Mash akiwa amesimama hapo hapo kando ya mamake. Akasoma vile hungoja mazoezi yaanze ndio anywe kahawa yake ya mchana. Akasema Omosh siku hizi anapiga bass vizuri kuliko zamani, na Omosh akaficha uso.

Baada yake akina mama wakashika mic mmoja mmoja. Mmoja alisema mtoto wake hakubali kulala mchana bila hizo drums. Mwingine akasema alimzaa kitindamimba wake kwa chumba cha juu ya karakana, ambulance imechelewa, na alisukuma na ule wimbo. Hapo tent nzima ililia na kucheka pamoja.

Mash akainua gitaa. Akaanza, "Geti limekwama..." na sauti ikakatika.

Mtaa ukamalizia. Watu kama mia mbili, na wanajua maneno yote, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho! Walikuwa wakiyasikia jikoni, kwa ngazi, wakianika nguo. Mash akageuka kwa bendi yake akilia wazi wazi. Shiro, Omosh na Abdi hawakuacha kupiga. Mamake alikuwa mbele kabisa, mara yake ya kwanza kumsikia, anapiga makofi nje ya mdundo kabisa, hajali.

Tulipomaliza nikamfuata Mash karakana, nikamwambia habari ya ndugu yangu, na sakafu, na ukuta. Yote.

Akafuta uso na ile glavu yake ya kazi.

"Kev," akasema, "mimi nilidhani naimbia mabati."

Bendi haivunjwi, wakuu. Jumatatu saa tisa nilikuwa katikati ya kazi ya mteja, ukuta ukaanza, na nikamwambia mteja angoje kidogo.

Nilichojifunza: hawa watu hawawezi kujua tunawasikia kama hatuwaambii, na mimi nilinyamaza miaka nikidhani wanajua. Kwa hivyo leo kabla hujafunga simu, niandikie hapa chini msanii mmoja wa mtaa wako ambaye hajui amekusaidia, na jina la mpiga drums wake pia. Ukimaliza kuandika, toka nje umwambie mwenyewe.