Moshi wa Kumfukuza Buibui

Mwanangu, iko siku moja ya msimu wa korosho ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi ni mtoto wa mjini Bagamoyo, nimeletwa Kiwangwa kwa mume, na binti yangu wa kwanza, Mwanaidi, alikuwa hajatimiza miezi minne. Shamba nilikuwa silijui. Nyoka nilimwogopa kiasi. Buibui wa mikoroshoni ndiye aliyekuwa akinitoa roho.

Simsemi yule mdogo wa kwenye pembe za dari. Huyu jike lake likitandaza miguu linajaa kiganja, jeusi lenye manjano, na uzi wake ukipigwa na jua unang'aa kama samli. Huutandika mduara mkubwa kutoka mti hadi mti, mgumu kiasi kwamba ukiusukuma kwa fimbo unagoma kukatika. Pembeni utaona kijibuibui kama punje ya mtama. Huyo ndiye mume, masikini. Wasichana wenzangu mjini waliniapia kwamba akikuuma asubuhi, Magharibi huioni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika shamba, nami nikaamini.

Asubuhi hiyo mama mkwe alitangulia kupita chini ya tando, akamlaza Mwanaidi mkekani kivulini. Tulikuwa tunafagia majani makavu chini ya miti kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi.

"Nakwenda kisimani," akaniambia. "Mtoto akilia mchukue. Inama tu upite, hao hawana habari na wewe."

"Ndiyo, mama."

Akaondoka, mimi nikabaki upande wa njia. Haukupita muda Mwanaidi akaanza kulia, kile kilio cha njaa kinachovuta maziwa kifuani. Nikausogelea utando wa kwanza. Jike yuko katikati, kichwa chini, usawa wa uso wangu, na nyuma yake tando mbili nyingine. Miguu ikaganda. Niliogopa, mwanangu.

Fimbo ilikuwepo. Lakini kwetu buibui hauawi. Tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kwamba alimsitiri Mtume pangoni. Basi nikatumia akili yangu ya mjini: simwui, namfukuza kwa moshi. Tulikuwa tumekuja na kumbi la nazi lenye moto ndani, la kuchomea mihogo. Nikalipuliza, likafuka, nikalinyanyua chini yake. Buibui akatikisa utando mzima, kisha akajiachia kwa uzi akateremka karibu kabisa na mkono wangu. Nikapiga yowe, nikalirusha kumbi bila kuangalia linakwenda wapi.

Likaangukia ng'ambo, kwenye lundo la majani tuliyoyafagia jana yake. Majani makavu ya mkorosho hayabembelezwi kuwaka. Moto ukaanza kutambaa kuelekea mkekani. Nakwambia jambo ambalo hata mume wangu hakulisikia: mtoto analia, moto nauona, na mimi nimesimama.

Mama mkwe alitokea nyuma yangu akaitupa ndoo. Hakuinama. Alizipita tando zote tatu kwa uso na kifua, nyuzi nazisikia zinakatika. Ukingo wa mkeka ulikuwa umeshashika, na kanga ya mtoto pia. Akaizima kwa viganja vyake, akamtoa Mwanaidi mzima. Majirani wakaja na matawi mabichi, wakaupiga moto mpaka ukafa.

Ushungi wake ulikuwa umejaa nyuzi za manjano, na buibui mmoja anatembea begani.

"Ameniuma," akasema, akamtoa kwa ncha ya kanga na kumweka tawini. Nikaangua kilio kwamba sasa atakufa. "Nani afe? Nyuki anamshinda huyu." Kweli, hadi Adhuhuri hata uvimbe haukuonekana. Viganja ndivyo vilivyochunika.

Jioni nilimlisha wali kwa mkono wangu, kwa kuwa yeye hakuweza kushika tonge. Akatafuna kwanza.

"Yule anawala wadudu wanaotufyonzea maua ya mikorosho," akasema. "Kutwa anashona utando wake. Akitaga, anayafunga mayai kwa uzi, kisha anakufa hata watoto hajawaona. Ana nafasi gani ya kukufuata wewe? Na kiumbe hachomwi moto, binti. Hilo chuoni hukufundishwa?"

Nikainamisha kichwa. Akapokea tonge jingine.

"Nilikuona umesimama. Sitamwambia mwanangu."

Hakumwambia mpaka anaingia kaburini, na vidole vyake viwili havikukunjika tena.

Basi mwanangu, ogopa, nani asiyeogopa? Lakini ukiogopa, kwanza weka chini ulichoshika. Kisha mtazame huyo unayemwogopa mpaka ujue anakula nini na anamdhuru nani, na aliyekupa habari zake mwulize kama aliwahi kumwona. Na kama mtoto analia upande wa pili, pita, hata kama unatetemeka. Mwanaidi leo ana wajukuu, na kila Idi hunibusu mkono huu huu uliorusha kumbi. Nimekuhadithia wewe kwa sababu yeye naogopa kumwambia. Kesho nitamwita.

Mola akupe moyo wa kupita pale mimi nilipokwama, akukinge na moto wa duniani na wa akhera, wewe na uzao wako. Amina.